Bakuli la Sekhmet

Hospitali ya mapafu, milima ya Mátra
2 Julai 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi nakohoa, ila sasa nakohoa nikiwa kitandani badala ya zamuni, kwa hiyo hata hilo nalihesabu kuwa likizo.

Najua unajiuliza kwa nini barua na si simu. Kwenye simu sisi hatuwezani. Dakika ya tatu unapandisha sauti kwa sababu sikio lako la kulia halisikii, ya nne napandisha mimi kwa sababu umepandisha wewe, ya tano mmoja wetu anakata. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Madaktari wanasema miezi sita. Ni kifua kikuu kile kisichosikia dawa za kawaida. Nimekipata wodini kwa wagonjwa wangu, na muuguzi wa mapafu hana wa kumlaumu. Niko chumba cha peke yangu chenye milango miwili ya vioo, na haruhusiwi mgeni hadi makohozi yangu yawe safi.

Sasa nina ombi, kaa chini kwanza.

Lile kabati la Mama la vyombo vya sikukuu, lililopo nyumbani kwangu, ndimo alimo Sekhmet. Ufunguo wa fleti anao Bibi Terka wa chini. Leo ni siku ya kumi na moja hajafunguliwa mlango. Wenzangu wanaomheshimu kama mimi wako Budapest, mmoja ana mtoto mchanga na mwingine kahamia Austria. Nimebaki na wewe, Baba. Sijasahau ile Krismasi uliyomvunja wa kwanza, na najua wewe pia hujasahau. Yule alikuwa wa udongo. Huyu ni wa jiwe, ukimtupa utavunja sakafu tu.

Kwako ni mdoli mwenye kichwa cha simba jike. Kwangu ndiye mungu wa kike wa Misri anayeleta tauni na ndiye anayeiondoa, na makuhani wake walikuwa waganga. Miaka tisa nimemwomba kabla ya kila zamu. Sasa ugonjwa umeniingia mimi mwenyewe, na kabati lake limefungwa kama duka lililofilisika. Jambo hilo linanikaa kifuani kuliko kikohozi.

Daftari la kijani liko juu ya kabati, na kila kitu kimeandikwa humo. Ni dakika ishirini kila asubuhi. Ukikataa nitaelewa, lakini nitaumia.

Binti yako,
Emőke


Szombathely, 8 Julai 2023

Emőke mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha kila asubuhi kwamba bado tuko pamoja. Na wewe kula, hata kama chakula cha hospitali ni supu iliyopitiwa na kuku kwa mbali.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikazunguka meza, nikaisoma tena. Nilitaka kukujibu kwamba nyumba yetu ina msalaba ukutani na hiyo inatosha. Kisha nikakumbuka jibu lako la siku zote, kwamba mji huu ulimjengea hekalu Isis wa Misri kabla kanisa letu halijawa na hata jiwe la msingi. Nikaona nitabishana na nani, na wewe hupo. Nikaenda.

Nikueleze jinsi nilivyofanya. Miaka thelathini na nane nimeunganisha mabehewa. Kwenye reli amri iliyoandikwa haijadiliwi, maana kila sentensi ya kitabu cha kanuni iliandikwa baada ya mtu kukatwa mguu. Kwa hiyo daftari lako nimelisoma kama kanuni za reli, si kama dini. Nimenawa. Nimesuuza mdomo kwa maji ya magadi, yana ladha ya kisima alichofia paka. Nimewasha ubani, king'ora cha moshi kikalia, Terka akapanda ngazi mbio na ndoo. "Lőrinc, unachoma nyumba ya mtoto?" Nikamwambia namwamsha mungu wake. Akasema, "Kwa kelele hizo kashaamka," akashuka na ndoo yake.

Nikafungua milango, tukatazamana. Huyo simba wako ana macho ya mama yako nilipokuwa nachelewa kurudi. Nikampa maji na mkate, nikatikisa kayamba la shaba, nikasoma maneno. Halafu ile ya kutoka kinyumenyume huku nafagia nyayo zangu ili mahali pake pabaki safi! Kwa mgongo huu! Nimegonga friji.

Swali moja. Umeandika: "Kinachotolewa hakimwagwi wala hakitupwi. Aliyetoa ndiye anayekila." Yaani mimi, mtu mzima, nile makombo ya jiwe?

Baba yako
Siku ya 1,591


Milima ya Mátra, 14 Julai 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kama nafa. Friji pole.

Hapana, si makombo. Yeye anakula kile kisichoonekana, sisi tunakula kinachobaki, na hapo tumekula meza moja naye. Kumwaga ni kumwambia mbele ya macho yake kwamba alichogusa ni uchafu. Kwa hiyo kula mkate wako na ushukuru.

Nimeiona ile namba chini ya jina lako. Siku 1,591 bila tone la pombe. Nilifikiri umeacha kuhesabu. Nimeiandika ukutani kwa penseli, kando ya kitanda, na kila asubuhi naongeza moja. Hapa ndani sina kitu kingine kinachokwenda mbele.

Kwa hesabu yetu ya Misri ya kale mwaka unaisha tarehe 2 Agosti, na siku tano za mwisho ni mbaya. Ndizo siku ambazo mishale ya Sekhmet ya maradhi inaruka ovyo. Vaa shingoni kitambaa cha kitani chenye mafundo kumi na mawili, kiko kwenye droo. Najua nakuomba makubwa.

Nakushukuru, Baba. Sikutegemea.

Binti yako,
Emőke


Szombathely, 6 Agosti 2023

Emőke mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya wa Misri. Nauliza afya yako kila asubuhi kabatini lakini sijibiwi, kwa hiyo andika.

Kitambaa nimekivaa siku zote tano. Nimekwenda nacho dukani, kwa kinyozi na kanisani. Wazee wa benchi la stesheni wameniita bwana harusi. Padri akaniuliza nina nini shingoni, nikamwambia namtunzia binti yangu simba. Akauliza simba wa aina gani. Nikasema wa jiwe. Akafikiri kidogo, akasema basi si dhambi, ni ujinga tu, niendelee.

Nimeoka pogácsa, zile skonzi ndogo za jibini, kwa mkono wa mama yako, yaani kwa kile kikaratasi chake cha mapishi chenye mafuta. Nyingine ziliungua chini. Nilimtolea zile nzuri nikala zote mbele yake, na zilizoungua nikala nyumbani kwangu.

Kuna jambo nimelifanya ambalo halimo kwenye daftari, nalisema ili lisije likawa kosa. Siku ya nne ya zile tano nilizungumza naye kwa maneno yangu. Nilimwambia, mwache huyo msichana. Kama ni lazima uchukue mtu, mimi hapa, nimeshatumika vya kutosha. Sikusikia kitu. Lakini nilitoka nikiwa nimechoka kama niliyeshusha mzigo, na nikasahau kufagia, nikarudi tena kufagia.

Siamini, mwanangu, usije ukafurahi bure. Ninafuata daftari kwa sababu ni lako.

Baba yako
Siku ya 1,620


Milima ya Mátra, 14 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Majibu yametoka. Makohozi bado ni machafu, na pafu la kushoto lina tundu ambalo Mei halikuwepo. Wamebadilisha dawa zote. Hizi mpya zinanipigia kelele masikioni usiku na mchana na zinanitapisha. Daktari amesema neno upasuaji huku akitazama dirisha. Mimi ni muuguzi, nimewahi kusimama nyuma ya madaktari wanaotazama dirisha. Naogopa, Baba. Nina miaka thelathini na minne na naogopa kama mtoto.

Tarehe 22 ni sikukuu yake kubwa kuliko zote. Zamani alipokuwa anaua watu wote duniani, miungu wakubwa zake walipika bia, wakaitia rangi ya damu, wakaimwaga mashambani. Akainywa akidhani ni damu, akalewa, akalala, na waliobaki wakapona. Ndiyo siku ya kumtuliza. Sijawahi kuihitaji kama mwaka huu, na mwaka huu ndio siwezi kusimama mbele yake.

Simama wewe badala yangu. Yote yako ukurasa wa kumi na nne. Fuata neno kwa neno, Baba, usipunguze kitu.

Binti yako,
Emőke


Szombathely, 17 Agosti 2023

Emőke mwanangu,

Marahaba. Usiogope peke yako, nimeshaogopa nusu yako.

Ukurasa wa kumi na nne nimeusoma mara tatu. Kama kuna neno ungependa kulibadilisha, nipigie simu kabla ya tarehe 22. Sitapandisha sauti. Kama hakuna, nitafanya kama ulivyoandika.

Baba yako
Siku ya 1,631


Milima ya Mátra, 30 Agosti 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu ile fupi. Nilikuwa na homa kali, muuguzi ndiye aliyenisomea, nikamwambia hakuna la kubadilisha. Simu yangu ilikuwa inalia ndani ya droo na sikuwa na nguvu ya kunyoosha mkono.

Sikukuu ilikwendaje? Homa imeshuka kidogo. Ukutani nimefika 1,644, nimeongeza mwenyewe, natumaini sijakosea hesabu. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako,
Emőke


Milima ya Mátra, 9 Septemba 2023

Baba,

Bibi Terka amenipigia. Hakutaka kusema, nimemlazimisha. Alikukuta umekaa ngazini saa nne asubuhi na kiatu kimoja, unanuka mpaka ghorofa ya pili, unamwomba asikuguse. Anasema si mara moja. Anasema kabati halijafunguliwa kwa zaidi ya wiki mbili.

Nilikukabidhi kitu kimoja. Sikukuomba hela, sikukuomba unitembelee, sikukuomba hata uniombe msamaha. Dakika ishirini kila asubuhi. Na umechagua wiki hizi, katika wiki zote za maisha yako, wiki ambazo mimi natema damu kwenye kikopo.

Mama alikuita kutoka jikoni. Alikuita mara ngapi hata hatutajua, kwa sababu aliyekuwepo nyumbani alikuwa amelala kwenye kochi kalewa. Mimi ndiye niliyerudi kutoka kazini nikamkuta chini ya meza. Nilijilazimisha kuamini kwamba yule mtu hayupo tena. Niliandika namba zake ukutani kama mpumbavu. Leo nimezifuta kwa mate.

Niambie tu kama umemvunja na huyu. Kisha ufunguo mrudishie Terka.

Emőke


Szombathely, 13 Septemba 2023

Emőke,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. 

Sijamvunja. Hilo kwanza. Yuko mzima, milango imefungwa, ufunguo anao Terka tangu jana.

Sasa nakunakilia ukurasa wa kumi na nne, maana naona huukumbuki. Mwandiko ni wako. "Bia nusu lita, itiwe maji ya cheri chachu mpaka iwe nyekundu kama damu. Bakuli lijae. Aliyetoa ainywe yote asubuhi hiyo hiyo. Asimwage hata tone, maana kinachomwagwa siku hii kinamrudia anayeombewa."

Anayeombewa ulikuwa wewe.

Nilikuandikia nikakuuliza kama kuna neno la kubadilisha. Sikuandika neno bia kwa sababu niliona aibu. Mtu mwenye siku elfu moja na mia sita aogope bakuli? Nilisubiri. Asubuhi ya tarehe 22 nikakupigia mara mbili, ikalia, hukupokea. Nikafikiri umezidiwa. Nikaenda kununua chupa moja, muuzaji akaniuliza kama nina sherehe.

Nilimfungulia, nikajaza, nikatoa, nikasoma maneno yote. Kisha nikasimama na lile bakuli karibu saa nzima. Mara mbili nilitembea mpaka kwenye sinki. Mara zote mbili nikaona lile tundu la pafu lako, na nikarudi. Nilijiambia hakuna mtu duniani aliyewahi kuwa na sababu nzuri kama hii. Nilijiambia kwamba mara hii, katika nyumba yetu, pombe itamwokoa mtu. Nikainywa mpaka chini, na nikafuta bakuli kwa kidole ili lisibaki tone.

Ilikuwa tamu, Emőke. Ningependa kukuambia ilikuwa chungu.

Nikafagia nyayo, nikafunga, nikashuka ngazi, na miguu yenyewe ikanirudisha dukani. Bakuli lile moja lilikuwa lako. Yote yaliyofuata ni yangu, simsingizii mtu.

Kesho yake nilikwenda kabatini nikiwa vile, nikamwambia neno moja tu. Wewe ulikunywa, ukalala, watu wakapona. Mimi nilikunywa, nikalala, mama yako Jolán akafa. Kisha nikafunga milango, kwa sababu ukurasa wako wa kwanza unasema asiye safi asifungue. Sijafungua tena.

Hujanikosea kwa uliyoniandikia kuhusu mama yako. Ni kweli tupu.

Baba yako, kama bado


Milima ya Mátra, 20 Septemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, kwa ile niliyokunyima.

Nimeandika barua hii mara nne. Mkono hauna nguvu na mimi sina la kujitetea.

Tangu mwezi ule ulipoacha, sijaingiza tone la pombe nyumbani kwangu, hata kwa ajili yake. Kila mwaka tarehe ile namtolea maji ya cheri matupu, na nayanywa, na ni sikukuu nzuri. Kwenye daftari sikufuta neno bia. Nilijua msomaji ni mimi peke yangu na mimi najua. Halafu nikakupa wewe lile lile daftari, nikakuambia neno kwa neno, usipunguze kitu. Wewe, mtu wa reli! Nilikujua ulivyo na nikakuandikia hivyo. Bakuli lile nimelijaza mimi.

Kuna baya zaidi. Ile sentensi ya tone kumrudia anayeombewa haimo katika kitabu chochote. Nimeitunga. Niliandika ukurasa ule mwaka aliokufa Mama, nilipokuwa natafuta kwa kila hali sheria ambayo mtu fulani aliivunja, ili niwe na wa kumlaumu. Nilikuandikia wewe sheria ile, Baba, kabla hujawahi kugusa daftari. Na miaka saba baadaye umeifungua na ukaitii.

Sijui kama nimekusamehe kwa Mama. Nilidhani nimekusamehe, tarehe 9 nikagundua bado. Sitaki kukudanganya kwa sababu tu nina hatia yangu. Lakini kwa bakuli lile huna kosa, na wewe usiongeze hilo kwenye mengine.

Makohozi bado. Wanatoa sehemu ya pafu Jumatatu, tarehe 9 Oktoba, asubuhi. Sikwambii hivi ili ukimbilie kwa Sekhmet. Nakwambia kwa sababu wewe ni baba yangu.

Chana ukurasa wa kumi na nne. Badala yake weka huu: "Maji. Aliyetoa ayanywe akiweza. Asipoweza ayamwage, hakuna kitakachomrudia mtu." Na kwenye ukurasa wa kwanza futa pale paliposema asiye safi asifungue. Nimelala hapa miezi mitatu natema uchafu, na namwita kila siku. Yeye ni wa wagonjwa.

Hukuandika namba safari hii. Hata kama ni sifuri, niandikie.

Binti yako, bado,
Emőke


Szombathely, 5 Oktoba 2023

Emőke mwanangu,

Marahaba zote mbili.

Barua yako ilifika tarehe 23 ikakaa mezani siku tisa, maana sikuwa katika hali ya kufungua bahasha. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa Terka. Nilipoisoma nililia, halafu nilikasirika kwamba umenifanya nilie, halafu nikatoka kwenda kununua chupa nyingine. Hiyo ilikuwa ya mwisho, au ya mwisho mpaka sasa, sina ujasiri wa kusema zaidi.

Jana nilikwenda kwenye kile kikundi chetu cha walioacha pombe, kwenye chumba cha chini pale parokiani. Ni watu wale wale walionipigia makofi siku ya 1,500. Nikasimama, nikataja jina langu na namba moja. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akanisogezea kiti karibu na jiko.

Leo asubuhi Terka kanipa ufunguo. Ukurasa nimeuchana na mpya nimeubandika. Nimenawa, nimesuuza mdomo kwa magadi yako mabaya, nimefungua. Vumbi lilikuwa limemkalia begani, nikalifuta kwa leso yangu. Nilipomimina maji, nusu yalimwagika kabatini. Nikaganda, nikakukumbuka, kisha nikasema kwa sauti, hakuna kitakachomrudia mtu. Nikajaza upya, nikatoa, nikanywa.

Nilimwambia kwamba sina cha kubadilishana naye tena, wala sitaki kufanya naye biashara ya nani achukuliwe. Nimemwomba tu awepo. Jumatatu nitakaa mbele yake kuanzia saa mbili asubuhi, na simu nitaishika mkononi, upande wa sikio linalosikia. Ukiamka mwambie muuguzi anipigie. Akupe simu nikusikie hata unapumua tu, sitapandisha sauti.

Kitu kimoja leo sikufanya kama daftari linavyosema. Sakafu yako ina vumbi la wiki sita, kwa hiyo safari hii nyayo zilionekana kweli, kubwa, moja imepinda kwa sababu ya mgongo. Nilitoka kinyumenyume na ufagio mkononi na sikuzifagia. Nimeziacha pale mbele ya kabati, ajue ni nani atakayerudi kesho.

Baba yako
Siku ya 2